Fedha za kupanua kompyuta ya astrofizikia zimekuja: tununue GPU, RAM ama AC?

mtunza_nodi

Habari za jioni wadau. Naomba akili zenu manake zangu zimefika mwisho.

Mimi ndiye natunza kompyuta ya hesabu nzito katika idara ya fizikia ya chuo kimoja hapa Nairobi. Niliajiriwa kurekebisha vifaa vya maabara, osiloskopu na kadhalika. Mwaka 2018 maboksi kumi na manne yakashushwa mlangoni, na kijana aliyekuwa aje kuyasimamia akapata kazi kwingine wiki hiyo hiyo. Nikaulizwa, "Wewe si unajua kompyuta?" Basi, tangu siku hiyo mimi ndiye kitengo kizima.

Nodi, yaani kompyuta moja moja zinazofanya kazi kwa pamoja, ni kumi na nne. Kila moja ina viini 24 vya prosesa na RAM (pale data zinapokaa wakati hesabu inaendelea) ya GB 64, zote zimeunganishwa kwa swichi ya kawaida ya gigabiti moja. Wanafunzi waliibatiza Uhuru. Si bustani ile ya mjini, ni setilaiti iliyorushwa kutoka jukwaa la baharini pale Malindi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ya kwanza duniani kutumwa angani kwa kazi moja tu ya kutafuta miali ya eksirei kutoka kwa nyota. Naambiwa ilihesabu vyanzo 339. Yetu ikihesabu hadi Ijumaa bila kukwama tunashukuru.

Chumba kilikuwa stoo ya kemia. Hakina dirisha, na mvua ikizidi ukuta bado unanuka dawa. AC ni moja, BTU 24,000, ile ya kuwekwa ofisini kwa mkubwa.

Watumiaji wako makundi mawili. Kuna watu wa chembe, wanaoiga kwa kompyuta jinsi maada nyeusi, ile isiyoonekana, inavyojikusanya kuwa viota vya galaksi; wao wanatumia programu ya Gadget-2. Halafu kuna watu wa redio, wanaochambua data za darubini za Afrika Kusini. Hawa wawili hawapatani hata juu ya nani aanze kwenye foleni.

Kilichonisukuma kuandika ni kisa cha Februari. Binti mmoja wa uzamili alikuwa na kazi inayokimbia kwenye nodi kumi, siku ya kumi na tisa. Saa nane usiku simu ikalia. "Mzee, Uhuru haijibu." Nilitoka Kahawa West kwa boda, nikafungua mlango nikapigwa na joto usoni kama nimefungua tanuri la mikate. AC ilikuwa inavuma vizuri tu, lakini hewa inayotoka ni ya kuhesabu. Nikafungua kifuniko, nikakuta barafu imeganda kwenye mabomba ya ndani na kichujio kimekuwa blanketi la vumbi. Kipimajoto cha ukutani kilisoma 41. Nodi sita zilikuwa zimejizima zenyewe. Niliweka kiti mlangoni usijifunge, nikamwamsha askari wa geti aniazime feni ya kibandani mwake, tukakaa naye pale hadi saa kumi na moja akinisimulia mambo ya shamba lake Kitui. Chumba kilishuka hadi 29. Siku kumi na tisa za binti zilikuwa zimeenda na maji. Alikuja asubuhi akakaa kwenye ngazi, hakulia, akauliza tu kama kuna chai.

Sasa fedha za utafiti zimekuja, na lazima ziwe zimetumika kabla ya 30 Juni. Zinatosha ama nodi kumi za kawaida, ama seva mbili zenye kadi nne nne za GPU, zile zinazofanya hesabu nyingi kwa mpigo. Si zote mbili. Prof anataka GPU. Anasema kila mtu sasa anafundisha mashine kutambua galaksi, na kwamba lile dishi la mawasiliano ya setilaiti la Longonot likigeuzwa darubini tuwe tayari. Daktari wa chembe anataka nodi, nodi, nodi. Mimi moyoni nataka AC na umeme wa maana, lakini ni nani atakata utepe mbele ya AC?

Waliopitia haya, mlianzia wapi?

---

dada_wa_pulsa

Pole kaka, na mpe pole binti. Ile ya kuuliza chai naijua.

Mimi ni mtu wa redio, nilisomea hapo nyumbani kisha nikakaa Cape Town miaka minne, kwa hivyo nitasema na wa kwetu. Wakuambie ukweli: wanataka kufanya nini na hizo data, na zinafikaje Nairobi?

MeerKAT, darubini ya redio ya Afrika Kusini, ina madishi 64 kule Karoo, kila moja kipenyo cha mita 13.5. Usiku mmoja wa kuangalia anga unaweza kukuachia terabaiti kadhaa kabla hujazisafisha. Piga hesabu: laini yenu ikikupa megabiti 100 kwa sekunde bila kukatika, terabaiti moja ni sekunde 80,000, yaani saa 22. Terabaiti kumi ni siku tisa na ushee. Na bila kukatika ni ndoto, unajua mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilishusha faili moja kwa siku tano, siku ya tano swichi ikazimwa na mtu aliyetaka kuchaji simu. Tangu hapo nikaacha kuivuta data, nikaifuata iliko. Chuo Kikuu cha Cape Town kina ilifu, kituo kilichojengwa kwa ajili ya data za namna hii hasa. Unaingia kwa mbali, unapeleka programu yako ndogo pale data ilipolala, unarudi na picha ya megabaiti chache. Hiyo hata simu yako inaibeba.

Wale waliopiga picha ya shimo jeusi la galaksi ya M87, iliyotolewa Aprili 2019, mtandao uliwashinda pia. Walijaza diski wakazipakia ndege, na zile za Ncha ya Kusini zikangoja majira ya baridi yaishe ndipo ndege itue. Kwa hivyo kaka, usione haya kwamba laini yenu haitoshi.

Kuhusu Longonot: namheshimu Prof, lakini usinunue kadi leo kwa ajili ya dishi la kesho. Ghana wao walimaliza kugeuza dishi lao la Kuntunse, mita 32 kama la Longonot, likazinduliwa 2017. Na hata lenu likianza, kadi utakazonunua mwaka huu zitakuwa za makumbusho.

Ila msikilize kwa jambo moja. Kufundisha mashine kutambua galaksi ni kazi halali ya GPU na wanafunzi wanaitaka, inawapa kazi hata nje ya astrofizikia. Kadi mbili, si nane. Na mtu asikudanganye ununue kadi za michezo kwa sababu ni za bei rahisi. RTX 4090 ina GB 24 na kasi ya kutisha, lakini kwenye hesabu za tarakimu ndefu, zile za usahihi wa mara mbili, inashuka hadi moja kwa sitini na nne ya kasi yake. A100, kadi ya kazi za hesabu, inashuka nusu tu. Kwa kutambua picha za galaksi haidhuru. Kwa mizunguko ya sayari inadhuru sana.

---

Fundi Baridi

Mimi si mtu wa nyota. Nafunga AC na mashine za barafu, karakana yangu iko Industrial Area, shemeji yangu ndiye amenitumia huu mjadala. Kaka, ulichoeleza si chumba cha seva, hilo ni jiko.

Tuanze na hesabu. Nodi kumi na nne, tuseme wati 400 kila moja zikifanya kazi, ni kilowati 5.6. AC ya BTU 24,000 inaondoa joto la kilowati 7 ikiwa mpya, safi, na nje kuna baridi. Yako haikuwa mpya wala safi. Yaani mlikuwa ukingoni tangu siku ya kwanza, mlichokosa ni kujua tu. Sasa ongeza mzigo ufike kilowati 12. Hiyo ni BTU 41,000 kwa saa. Unahitaji mbili za 24,000 zikifanya kazi na ya tatu ikipumzika, na kila wiki wabadilishane zamu. Usinunue moja kubwa. Moja kubwa ikifa saa nane usiku, utarudi kwa askari na feni yake.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji huwa hawasemi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Feni ya seva inasukuma ujazo ule ule, lakini ndani ya ujazo huo hewa ya kubeba joto imepungua. Soma kile kijitabu cha seva, sehemu ya mwisho mwisho ambayo watu hufungia maandazi: ukipita mita 900, kwenye seva nyingi kila mita 300 unapunguza nyuzi moja kwenye joto la juu linaloruhusiwa. Kwa hiyo iliyoandikwa 35, hapa kwetu isome 32. Jenereta isiyo na turbo nayo vivyo hivyo, hewa nyepesi inaipunguzia nguvu, usiinunue kwa namba ya kwenye kibandiko.

Lakini mwinuko huo huo una neema yake. Usiku wa Julai hapa mtu anavaa koti. Seva zinafurahia hewa ya kuingia kati ya 18 na 27, na saa nyingi za mwaka hewa ya nje ya Nairobi iko chini ya hapo. Toboa ukuta pande mbili, chini hewa iingie kupitia kichujio, juu itoke kwa feni. AC ziwe za mchana wa Februari. Nimefanya hivyo kwa jamaa wa kuangua vifaranga na bili yake ilishuka, hata kama vifaranga na kompyuta si kitu kimoja.

Na bili ndiyo nataka kukuuliza. Kilowati 12 mwaka mzima ni uniti 105,120. Ukiongeza za AC, tuseme unazidisha kwa 1.7, ni karibu uniti 178,700. Weka shilingi 20 kwa uniti kwa mfano tu, ni zaidi ya milioni tatu na nusu. Kila mwaka. Hizo fedha za utafiti zinalipa stima?

---

mtunza_nodi

Fundi, umenikosesha usingizi. Hazilipi. Stima inalipwa na chuo na hakuna mita ya chumba chetu, kwa hivyo hakuna anayejua tunakula kiasi gani. Nimekuwa nikiona hiyo ni bahati.

---

mpita_njia_254

Swali la mshamba: si mkodi tu kwa wingu? Mnalipa mnachotumia, hakuna AC, hakuna askari, hakuna boda saa nane.

---

mtunza_nodi

Swali halali, hata mimi nililiuliza. Barua ya fedha inasema "vifaa". Kukodi si kifaa, mhasibu ameshasema hapana kwa kalamu nyekundu. Pili, kazi za chembe zinakimbia wiki tatu mfululizo kwenye viini 240, na huko unalipa kwa saa, kwa dola. Tatu, kuingiza data hawakutozi sana, ila kuitoa ndiyo utajua hujui. Kwa kazi ya siku mbili ningekodi kesho.

---

chembe_bilioni

Nimekuja kumtetea daktari wa nodi, halafu nitamgeuka.

Mimi nafanya uigaji wa ulimwengu miaka kumi na moja sasa. Ningependa kuuliza kwanza kwa nini siku kumi na tisa zilipotea. Gadget-2 inaandika faili za kuanzia upya kila baada ya saa kadhaa, ni mstari mmoja kwenye faili ya vigezo. Kazi ikizimika siku ya kumi na tisa, inatakiwa irudi nyuma saa mbili, si siku kumi na tisa. Ama binti aliweka muda mrefu mno, ama faili zilikuwa zinaandikwa kwenye diski ya nodi iliyokufa. Angalia. Hilo linatengenezwa bure.

Sasa RAM. Mwaka 2005 kikundi cha Volker Springel kilichapisha ule uigaji wa Millennium: chembe 2,160 × 2,160 × 2,160, yaani zaidi ya bilioni 10. Prosesa 512 kule Garching, Ujerumani, siku 28, na RAM ya takriban terabaiti moja iliyotawanywa ndani ya mashine nzima. Leo pale Durham, Uingereza, kompyuta kuu ya COSMA8 ina RAM ya terabaiti moja kwenye kila nodi, na viini 128. Uingereza waligawana kazi kati ya vyuo. Edinburgh wakachukua ya GPU, Durham wakachukua ya RAM kubwa, kwa sababu watu wa ulimwengu mzima, sisi wa chembe, kiu yetu ni RAM kuliko kasi. Chembe zote lazima ziwe kichwani kwa wakati mmoja, kila moja inavutwa na zote. Huwezi kuweka nusu kabatini.

Kwa hivyo ukiambiwa "nodi kumi", uliza nodi kumi za namna gani. Nodi nne zenye GB 768 kila moja zinaweza kukufaa kuliko kumi zenye GB 128. Na ile swichi ya gigabiti, naomba uiage kwa heshima. Chembe za nodi hii zinauliza habari za chembe za nodi ile mara nyingi sana kwa sekunde, ujumbe mdogo mdogo. InfiniBand, mtandao wa kasi wa kuunganisha nodi, hujibu kwa mikrosekunde moja au mbili. Swichi yako inajibu kama karani wa dirisha la tatu baada ya chakula cha mchana. Nimeona kazi inayotumia nodi kumi ikienda taratibu kuliko ikitumia nodi nne, kwa sababu sita za ziada zilikuwa zinangoja simu.

Na GPU kwa watu wenu wa chembe, hapana. Gadget-2 haizijui kabisa. Utanunua kadi nane zikae zinapepewa na AC ya Fundi.

Lakini kabla ya kumsikiliza yeyote, mimi nikiwemo, fungua kumbukumbu za foleni. Mnatumia Slurm, ile programu ya kupanga foleni? Basi amri yake ya `sacct` inajua kila kazi iliyokufa tangu siku mlipoiwasha, na ilikufa kwa nini. Prof hajui. Daktari hajui. Mimi sijui. Yeye anajua.

---

mtunza_nodi

Nimerudi. Jumamosi nilikaa chumbani na thamosi ya chai, nikachota kumbukumbu za miezi kumi na miwili, nikazimwaga kwenye lahajedwali. Sikuwahi kufanya hivyo miaka yote hii. Nasema kwa aibu.

La kwanza, chembe_bilioni, ulikuwa sahihi kuhusu binti. Faili za kuanzia upya zilikuwepo. Zilikuwa kwenye diski ya nodi ya tatu, na nodi ya tatu ilipozimika kwa joto niliifomati nikidhani imeharibika. Mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Nimemwambia. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe si AC peke yake." Nimehamisha njia ya faili kwa kila mtu ziende kwenye seva ya diski, dakika ishirini ilinichukua.

La pili lilinishangaza. Nilitarajia kuona foleni imejaa. Mchana wa Jumatatu hadi Alhamisi imejaa kweli, lakini Ijumaa jioni hadi Jumapili nodi tano sita zinakaa bure wiki baada ya wiki, zinapasha joto chumba na kungoja. Wanafunzi wanaogopa kuacha kazi wikendi kwa sababu stima ikipotea hakuna mtu. UPS yetu inashikilia dakika tisa. Usiku ule wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilipozimika ndio uliowafundisha, na waliohitimu wamewarithisha waliobaki hofu hiyo kama mila.

La tatu ndilo lenye nyama. Nikachuja kazi zote zilizokufa na neno OUT_OF_MEMORY, yaani RAM imeisha. Nilidhani ni uigaji wenyewe. Wapi! Uigaji unapita. Zinazokufa ni skripti za Python za uchambuzi, zile zinazokuja baadaye kusoma matokeo kwenye nodi moja. Nikaita mmoja wa vijana tukafungua skripti yake. Ana chembe 1,024 × 1,024 × 1,024, bilioni moja na kidogo. Faili moja ya matokeo ni GB 34: mahali, mwendo na namba ya kila chembe. Hiyo ingetosha kwenye nodi ya GB 64. Lakini mstari wa saba wa skripti unageuza kila kitu kuwa tarakimu ndefu, za usahihi wa mara mbili, na hapo inakuwa GB 60. Mstari wa kumi na mbili unatengeneza nakala. Nodi inakufa. Nikamuuliza kwa nini mstari wa saba uko pale. Akasema alikuta uko kwenye skripti aliyopewa. Aliyempa naye alipewa. Tumeufuatilia hadi kwa mtu aliyehitimu 2019 na sasa yuko benki.

Tukaufuta. Skripti ikasoma faili vipande vipande, ikamaliza kwa dakika arobaini. Kijana alinitazama kama nimemtoa jini.

Kwa hivyo nimeandika pendekezo upya. Nodi tatu zenye RAM kubwa, GB 768, kwa ajili ya uchambuzi na uigaji mkubwa. Swichi ya InfiniBand ndogo ya kuziunganisha na nafasi ya kuongeza baadaye. Seva moja yenye kadi mbili za GPU, Prof apate utepe wake. Seva ya diski. AC mbili mpya, ile ya zamani ikioshwa iwe ya akiba, na kutoboa ukuta. Betri za UPS na ile programu ya kuzima nodi kwa utaratibu stima ikikatika, ziandike faili zake kwanza. Na mita. Shilingi elfu chache tu, mita ya chumba chetu peke yetu. Hiyo mita ndiyo iliyozua vita kuliko vyote, manake ofisi moja haitaki kujua.

Daktari wa chembe alikubali haraka nilipomwonyesha ile grafu ya Jumapili. Prof alikaa kimya muda mrefu, akauliza, "Kadi mbili tu?" Nikamwambia zikijaa miezi sita mfululizo nitakuja mwenyewe ofisini kwake na kumbukumbu mkononi kuomba nyingine. Akasaini.

---

dada_wa_pulsa

Mstari wa saba! Nimecheka peke yangu kwenye basi. Na wa redio je, wamekubali kuifuata data?

---

mtunza_nodi

Wawili wamekubali, wanaomba akaunti. Wa tatu anataka diski aje nayo begani kutoka Cape Town. Nimemwambia hiyo nayo ni njia, hata wa shimo jeusi waliitumia.

---

mwalimu_wa_lebo

Samahani kuingilia. Mimi niko chuo kidogo nje ya mji, fizikia ina wanafunzi thelathini na kompyuta nne. Hizo nodi kumi na nne za zamani mtazipeleka wapi? Hata tukipata tano tutashukuru sana. Nimewahi kusoma kwamba Ranger, ile kompyuta kuu ya Texas, ilipostaafu mwaka 2013 baadhi ya makabati yake yalipelekwa Afrika Kusini, kisha yakagawiwa nchi nyingine za kusini mwa Afrika wajifunzie.

---

Fundi Baridi

Mwalimu, kabla hujasema asante uliza kwanza zinakula wati ngapi.

---

mtunza_nodi

Fundi anasema kweli. Mwalimu, nodi moja ikifanya kazi ni kama wati 400, tano ni kilowati mbili, sawa na birika la stima lisilozimwa mchana na usiku. Ila za kujifunzia hazihitaji kuwaka usiku. Kumi tutazibakiza kwa kazi ndogo ndogo za wikendi. Nne zinaweza kuja kwenu, na swichi ya zamani juu yake, barua ya kuziondoa kwenye daftari la mali itachukua kama miezi miwili kwa ninavyoijua ofisi hiyo. Una chumba chenye dirisha?

---

mwalimu_wa_lebo

Madirisha matatu. Moja halifungi.

---

mtunza_nodi

Hilo lisilofunga usilitengeneze. Weka wavu wa mbu tu. Nitakuja nazo mwenyewe, nikufundishe kuosha kichujio.